Chanjo kwa Mzee Aliyewahi Kupata Kiharusi

Maelezo yaliyotolewa kwa wazee na wanaowauguza, Kata ya Keza, Wilaya ya Ngara

 

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba imekabidhiwa na sheria jukumu la kuhakikisha kwamba dawa, chanjo na vifaa tiba vinavyotumika nchini ni salama, vina ubora na vinafanya kazi iliyokusudiwa. Wengi huifahamu kazi hiyo kwa upande wake wa mwanzo, yaani kuchunguza na kusajili bidhaa kabla haijamfikia mwananchi. Upande wa pili hausikiki sana. Kazi haikomi pale chupa inapofunguliwa. Inaendelea baada ya sindano kuchomwa, tukifuatilia yanayowapata watu waliochanjwa. Upande huo ndio uliotuleta, na hatuwezi kuufanya bila ninyi.

Swali ni moja, ingawa huulizwa kwa namna nyingi. Mzee aliwahi kupata kiharusi. Mkono wa kushoto bado mzito, kila siku anameza dawa ya presha na kidonge cha aspirini. Sasa anashauriwa achanjwe. Je, sindano hiyo haitamrudishia kiharusi? Mtoto aliye mjini amekwisha kupiga simu kwamba mzee asiguswe. Jirani naye anamtaja mtu aliyechanjwa Jumatatu, Ijumaa akaanguka. Ni swali la haki kabisa, na anayeliuliza hastahili kuitwa mpinga maendeleo. Wala hatutalijibu kwa kusema kwamba chanjo ni salama kisha tukaketi. Tutaeleza tunavyojua, na pale palipo na hatari tutaitaja kwa jina lake.

Tuanze na habari ya jirani. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Jiji la Dar es Salaam. Matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Huko Hai, katika eneo lenye wakazi wapatao 160,000, waliandikisha viharusi 453 kwa miaka 3. Hiyo ni sawa na watu 94 au 95 kwa kila 100,000 katika mwaka mmoja. Wakati huo chanjo ya UVIKO-19 haikuwapo duniani. Ilikuwa bado miaka 15 ifike nchini.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuchukue watu 100,000 wa Hai ya miaka ile, tuwachome wote sindano ya maji safi yasiyo na kitu ndani yake. Katika majuma 3 yafuatayo, watu 5 hivi kati yao wangepata kiharusi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa ikitokea bila sindano yoyote. Majirani wangesema ni yale maji. Na hao ni watu wa rika zote, hata watoto wachanga wamo. Tukiwachukua wazee peke yao, idadi inapanda. Tukiwachukua wazee ambao wamekwisha kupata kiharusi, inapanda tena, kwa kuwa aliyepatwa mara moja yumo katika hatari kubwa ya kupatwa mara ya pili kuliko mwenzake ambaye hakuwahi.

Kwa hiyo aliyechanjwa Jumatatu na kuanguka Ijumaa, huenda ameangushwa na chanjo, na huenda kiharusi na chanjo vimekutana tu katika juma moja. Kumtazama yeye peke yake hakutoshi kutofautisha. Hapa watu hukosea kwa pande zote mbili, wakiwamo wasomi. Mmoja anasema ni chanjo kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Mwingine anasema haiwezi kuwa chanjo kwa kuwa chanjo haina neno. Wote wawili wamehukumu bila kupima.

Kupima kwenyewe hufanyika namna gani? Tutatoa mfano kutoka Marekani, kwa sababu unahusu jambo letu hasa: wazee, chanjo na kiharusi. Tarehe 13 Januari 2023 taasisi mbili za serikali ya nchi hiyo, ya chakula na dawa na ya kudhibiti magonjwa, zilitangaza hadharani kwamba mmojawapo wa mifumo yao ya ufuatiliaji umeonyesha ishara ya kutia shaka. Wazee wa miaka 65 na kuendelea waliopata dozi ya nyongeza ya chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer walionekana kupata kiharusi cha mshipa kuziba kwa wingi zaidi katika siku 21 za kwanza kuliko katika majuma yaliyofuata. Kati ya wazee wapatao 550,000 waliochanjwa, 130 walikuwa wamepata kiharusi katika siku hizo 21 za kwanza.

Taasisi hizo hazikungoja uhakika ndipo ziseme. Zilisema, kisha zikaendelea kupima kwa kutumia kumbukumbu nyingine. Utafiti mkubwa uliochapishwa Machi 2024 ulipitia kumbukumbu za bima ya afya ya wazee wa Marekani, zaidi ya watu milioni 5 waliochanjwa, ambao kati yao 11,001 walipata kiharusi. Kila mgonjwa alilinganishwa na yeye mwenyewe: siku zake za karibu na chanjo dhidi ya siku zake za mbali na chanjo. Kwa ujumla hatari ya kiharusi haikuonekana kupanda baada ya chanjo ya UVIKO-19. Kilichobaki ni ongezeko dogo kwa wazee waliochomwa siku hiyohiyo chanjo ya UVIKO-19 pamoja na chanjo ya mafua ya nguvu ya juu, yaani takriban watu 3 kwa kila dozi 100,000, na uchambuzi ulielekeza kidole zaidi kwenye ile ya mafua. Chanjo hiyo ya mafua haimo katika ratiba ya chanjo ya taifa letu. Tumeitaja ili muone jinsi chujio linavyofanya kazi: hata tatu katika laki moja huonekana, mradi kila tukio liandikwe.

Habari njema isitufanye tuikimbie iliyo ngumu. Kampeni yetu ya taifa ya chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa mbele ya wananchi, na chanjo iliyotangulia kufika ilikuwa ile ya dozi moja ya Janssen. Kabla ya hapo, mwezi Aprili 2021, Marekani ilikuwa imeisimamisha chanjo hiyo kwa siku 10. Sababu yake ilikuwa wanawake 6 wa umri wa miaka 18 hadi 48, katika dozi zaidi ya milioni 6 zilizokuwa zimetolewa, ambao damu yao iliganda ndani ya mishipa ya ubongo huku chembe sahani, zile zinazozuia damu kuvuja mtu anapojikata, zikipungua mno. Tatizo hilo ni la kweli na lilithibitishwa. Ni adimu sana, lakini linaua, na Mei 2022 Marekani ikaiwekea chanjo hiyo mipaka ya matumizi.

Mzee wetu mwenye historia ya kiharusi alielewe jambo hili kwa makini, kwani hapa ndipo hofu nyingi zinapoota. Kuganda huko kwa damu hakupiti njia ya kiharusi cha kawaida. Kiharusi cha kawaida hujengwa miaka mingi na presha isiyotibiwa, sukari, tumbaku na mafuta yanayokusanyika mishipani. Hiki kilitokana na kinga ya mwili kukosea shabaha, kikawapata zaidi wanawake wa umri wa kati, na hakuna ushahidi kwamba mtu aliyewahi kupata kiharusi cha kawaida alikuwa katika hatari kubwa ya kupatwa nacho kuliko wengine. Tena dalili zake zilijitokeza ndani ya takriban majuma 3 baada ya sindano. Aliyechanjwa Janssen mwaka 2021 na hakupata dalili katika majuma hayo, muda wa hatari hiyo ulikwisha kupita. Mkono ukifa ganzi leo, tusiutafutie sababu katika sindano ya mwaka ule, tupime presha.

Upande wa pili wa mizani mara nyingi husahauliwa, nao ni ugonjwa wenyewe. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu za madaktari wa Uingereza. Watafiti walitazama watu waliopata kiharusi na siku zilizotangulia. Katika siku 3 za kwanza baada ya mtu kupata maambukizi ya njia ya hewa, hatari ya kiharusi ilikuwa takriban mara 3 ya siku zake za kawaida, kisha ikashuka polepole kwa majuma kadhaa. Baada ya chanjo ya mafua, ya pepopunda au ya nimonia, haikupanda. UVIKO-19 ilipokuja, uchunguzi wa watu milioni 29 waliochanjwa huko Uingereza, uliochapishwa Agosti 2021, ulionyesha kwamba hatari ya kiharusi na ya damu kuganda ilikuwa kubwa zaidi kwa mbali baada ya kuugua kuliko baada ya kuchanjwa. Homa kali hukausha maji mwilini, huuchochea mwili kugandisha damu na kuubebesha moyo kazi nzito. Mishipa ambayo imekwisha kuziba mara moja haihitaji msukumo mkubwa.

Ndiyo maana ushauri wa jumla ni huu: kiharusi cha zamani, peke yake, si sababu ya kumnyima mzee chanjo, na mara nyingi ni sababu ya kumtanguliza. Katika kampeni ya mwaka 2021 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea na wenye magonjwa sugu waliwekwa katika kundi la kwanza kwa sababu hiyo.

Hata hivyo neno “chanjo” ni kikapu chenye mambo mengi, na kila moja lina taratibu zake. Tutazitazama tatu ambazo mzee wa Keza anaweza kukutana nazo.

Ya kwanza ni ya kichaa cha mbwa. Mzee akiumwa na mbwa, asije mtu akasema kwamba kwa kuwa ana kiharusi asichomwe. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu daima kinaua, na hakuna hali ya kiafya inayozuia chanjo hiyo kutolewa baada ya kuumwa. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe kituoni siku hiyohiyo na amalize sindano zote atakazopangiwa.

Ya pili ni ya pepopunda, kwa anayechomwa na msumari au kukatwa na jembe shambani. Hii haina mjadala mrefu; imetumika miaka mingi, na kiharusi hakiizuii.

Ya tatu inahitaji tahadhari ya kweli, nayo ni ya homa ya manjano. Wengi wenu mnao ndugu ng’ambo ya mpaka, na mtu anayesafiri kupitia Kabanga kwenda Burundi, au anayefunga safari kwenda Uganda au Kongo, anaweza kuulizwa kadi ya njano. Chanjo hii imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa anayechanjwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 au zaidi, uwezekano wa madhara makubwa, ambayo ni adimu, huwa juu kuliko kwa kijana. Kinachotutia wasiwasi hapa ni umri, wala si kile kiharusi. Mzee wa aina hiyo aonane kwanza na daktari, ampime na kuitazama safari yenyewe: ni ya lazima, na anakwenda mahali penye ugonjwa? Daktari akiona haifai, kanuni za afya za kimataifa zinaruhusu aandikiwe hati ya kusamehewa kwa sababu za kitabibu, ingawa afisa wa nchi anayoingia ndiye mwenye uamuzi wa kuikubali. Na aliyekwisha kuchanjwa asikubali kurudiwa eti kadi imepita miaka 10. Tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote. Kununua kadi bila kuchomwa, jambo linalofanywa na baadhi ya watu kwa haraka ya safari, kunamwacha mzee bila kinga na mwenye karatasi ya uongo.

Wapo wa kusubiri. Aliyepata mzio mkali baada ya dozi ya awali ya chanjo fulani hapaswi kuchomwa chanjo hiyo tena bila daktari. Mwenye homa kali leo angoje ipite. Na ambaye kiharusi kimempata majuzi tu, akiwa bado hajatulia, amwachie daktari anayemtibu apange siku.

Tuje kwenye siku yenyewe ya kuchanjwa. Mzee abebe kadi yake ya kliniki na dawa zake zote, hata zile zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti. Asiache kumeza dawa ya presha asubuhi hiyo, wala aspirini, wala dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Kuziacha “ili sindano isitoe damu” ni kosa tunalolihofia kuliko sindano yenyewe, kwa kuwa kuachia dawa hizo ghafla kunaweza kukaribisha kiharusi kingine. Anayetumia warfarini amwambie mchanjaji kabla ya sindano. Atachomwa kwa sindano nyembamba, na mahali pale patabanwa kwa pamba dakika 2 au zaidi bila kusugua. Amwonyeshe pia mkono uliopooza, ili wakubaliane atachomwa mkono upi. Mzee anayetegemea mkono mmoja kushikia mkongojo hapendi mkono huo uamke na maumivu kesho yake. Baada ya sindano akae kituoni dakika 15, na aliyewahi kupata mzio mkali wa kitu chochote akae dakika 30.

Usiku huo anaweza kupata homa, mwili kuuma, mkono kuvimba kidogo. Mara nyingi hali hiyo hupita katika siku moja hadi tatu. Paracetamoli kwa kipimo cha kawaida inatosha. Hapa tunaomba masikio ya wale mnaokwenda kumnunulia mzee dawa: msimchukulie diklofenaki wala ibuprofeni kwa mazoea. Dawa hizo za maumivu zinaweza kupandisha presha, na zikichanganywa na aspirini au warfarini huongeza uwezekano wa tumbo kutoa damu. Mwambieni muuzaji wa duka la dawa muhimu, kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu, kwamba dawa ni ya mtu aliyepata kiharusi. Sentensi hiyo moja huwa na thamani kuliko ushauri wetu wote wa leo.

Sasa jambo zito kuliko yote. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukilegea ghafla, kauli ikikatika au maneno yakachanganyika, macho yakapoteza nuru ghafla, au kichwa kikauma kwa namna ambayo mzee hajawahi kuijua, hiyo ni dharura. Iwe jana alichanjwa au hajawahi kuchanjwa maishani, njia ni moja: hospitali, sasa hivi. Tunalirudia neno hili kwa sababu ipo hatari ya familia kusema, “Ni maudhi ya chanjo, yatakwisha,” na kungoja mpaka asubuhi. Homa na mkono kuuma ni maudhi ya chanjo. Mdomo kupinda si maudhi ya kungojwa. Tafuteni bodaboda, tafuteni gari la jirani, apelekwe Murgwanza, Nyamiaga, Rulenge au hospitali yoyote iliyo karibu zaidi. Andikeni saa dalili zilipoanza. Msimpe chakula wala maji wala kidonge, maana koo linaweza kuwa limelegea na vikaingia mapafuni. Msimwongezee dawa ya presha. Msimpe aspirini ya ziada kwa kusikia kwamba inatibu kiharusi. Viharusi vingine ni vya mshipa kupasuka, na aspirini huongeza damu inayovuja. Kwa macho hakuna awezaye kutambua kipi ni kipi.

Wapo watakaosema ni upepo mbaya, au mtu ametupiwa jini. Isidhaniwe kwamba ni maneno ya watu wa vijijini tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watu wa Hai na wa Dar es Salaam, na wa jijini ndio waliohusisha kiharusi na mashetani na uchawi zaidi, ilhali wale wa vijijini walikitafutia sababu za mwilini. Mzee aombewe, na anayetaka kuomba aombe, akiwa ndani ya gari kuelekea hospitali.

Turudi kwa mtoto aliye mjini. Anampenda mzazi wake, na hofu yake inatoka huko. Lakini mwili ni wa mzee, na uamuzi ni wake. Kiharusi kinaweza kumnyang’anya mtu kauli kikamwachia akili timamu. Tumeshuhudia mara nyingi watu wazima wakijadiliwa juu ya vichwa vyao kana kwamba ni mizigo, kwa sababu tu ulimi haufuati. Mhudumu amweleze mzee mwenyewe, kwa Kihangaza au Kishubi ikibidi, taratibu, swali moja moja la ndiyo au hapana. Akubali kwa kutikisa kichwa au kwa kukubana mkono. Akikataa, amekataa, asidanganywe kwamba ni sindano ya vitamini.

Kuhusu chanjo bandia tutasema machache. Agosti 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya chanjo bandia ya Covishield iliyopatikana India na kwa jirani zetu wa Uganda. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa hapa jirani Biharamulo, watu wengi waliuliza chanjo yake iko wapi. Hakuna chanjo ya Marburg iliyosajiliwa. Ile iliyotolewa Rwanda mwaka 2024 ilitolewa kama sehemu ya majaribio. Kwa hiyo atakayekuja na kisanduku mnadani akidai anayo, ni tapeli. Chanjo nyingi hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka mkononi. Haziuzwi gengeni wala hazizungushwi nyumba kwa nyumba na mtu asiye na kitambulisho wala kadi ya kukuandikia. Zile za mpango wa taifa hazilipiwi.

La mwisho ni taarifa zenu. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa ufuatiliaji wa usalama wa dawa mwaka 1993, na taarifa kutoka nchi wanachama hukusanywa katika kituo kilichopo Uppsala, Sweden. Jambo lililompata mzee wa Keza linaweza kukutana huko na lililompata mzee wa nchi nyingine, na wawili hao wakafumbua ambacho hakuna daktari mmoja angekiona. Ikiwa tukio ni kubwa, yaani mtu amelazwa, amepata ulemavu au amefariki, hufanyika uchunguzi: chanjo ya toleo lile hufuatiliwa, utunzaji wake hukaguliwa, kumbukumbu za mgonjwa husomwa, na wataalamu hukaa kupima uhusiano. Mara nyingine jibu huwa kwamba chanjo imehusika. Mara nyingine haikuhusika. Na mara nyingine ushahidi hautoshi, na hilo nalo huandikwa hivyohivyo.

Si lazima uwe na uhakika ndipo utoe taarifa, shaka inatosha. Wala kutoa taarifa si kumshtaki muuguzi aliyechoma sindano. Muuguzi mwenyewe anatakiwa kuitoa, na mwananchi anayo haki ya kuitoa bila kumngoja. Fomu hupatikana katika vituo vya kutolea huduma, na namba ya simu isiyolipiwa imechapwa nyuma ya kijitabu hiki. Tutauliza jina la chanjo na namba ya toleo, ambazo huandikwa kwenye kadi ya mzee, hivyo kadi isitupwe. Tutauliza siku na mahali alipochanjwa. Siku na saa dalili zilipoanza. Magonjwa aliyokuwa nayo kabla, kikiwamo kiharusi kile cha kwanza na mwaka wake. Dawa anazotumia, na kama kuna alizokuwa ameziacha. Mwisho tutauliza yuko wapi sasa na anaendeleaje. Asiyejua kusoma amwombe mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, au mjukuu aliye shuleni, amwandikie.